Tulivyofika Lamu kwa Maji

Tangu turudi, kila mtu hapa Skuta, Nyeri, anataka kujua kama niliogopa. Mama wa duka la maziwa ameuliza, wenzangu wa chama cha akina mama wameuliza, na Jumapili iliyopita mchungaji alinishika mkono baada ya ibada akataka kujua kama ni kweli mzee wangu alipotea baharini siku tatu. Hakupotea. Tulikaa Kipini siku tatu, na sababu nitaieleza tukifika huko. Naandika mara moja ili nisisimulie vipande vipande kando ya barabara.

Kwa asiyetujua: mume wangu Gathogo alikuwa mwanamaji jeshini miaka ishirini na miwili, kisha akastaafu tukarudi Nyeri. Tuna boti ya tanga ya mita saba, ina injini ndogo, jiko la gesi na mahali pa kulala watu wawili wanaopatana. Inaitwa Tetu, jina la sehemu ya kwetu Nyeri. Kwa miaka sita imekaa Kilifi, nasi tulikuwa tukiishukia kila Desemba. Mimi ni mwalimu mstaafu. Kushika usukani nilijifunza nikiwa na miaka hamsini na miwili, nikiwa na nywele nyeupe na magoti mabaya.

Tuna mtoto mmoja, Nyambura, muuguzi. Alipelekwa kazi Lamu, akaolewa huko na Athmani, fundi wa mitambo ya kusafisha maji. Ndoa ilifungwa kwa kadhi, sisi tukaarifiwa kwa simu. Kwetu baba wa msichana haendi kwa wakwe kwanza. Wao ndio huja wakasimama kwenye lango lake. Mwaka mmoja baada ya ndoa, mjomba aliyemlea Athmani alipiga simu kwa adabu akasema wanataka kuja Nyeri. Gathogo alimjibu kwamba hapa hakuna mtu nyumbani, akakata. Kisha katika kikao cha ukoo akasema miguu yake haitakanyaga barabara ya kwenda Lamu. Maneno kama hayo ukiyasema mbele ya ukoo, unaishi nayo.

Miaka minne hakulitaja jina la binti yake. Mimi niliendelea kumwita Baba Nyambura, asubuhi na jioni, naye aliendelea kuitika.

Skuta hadi Timau

Mwezi wa nane Nyambura alinipigia kusema kwamba Athmani amepata kazi Oman na wataondoka mwisho wa Septemba. Nilimwambia Gathogo tukinywa chai. Aliosha kikombe chake mwenyewe, jambo asilolifanya, akatoka nje kuutazama mlima. Siku hiyo ulikuwa umefunikwa mpaka chini.

Siku nne baadaye akasema, "Boti imekaa sana Kilifi. Ikikaa bila kusonga inaharibika. Nafikiri tuisongeze."

"Tuisongeze wapi?"

"Kaskazini. Kusi bado iko, itatusukuma vizuri."

"Kaskazini wapi, Baba Nyambura?"

"Upande wa Lamu, huko. Tutapita tu."

Lakini kabla ya kwenda pwani alitaka twende Timau, ambako ni upande mwingine kabisa. Huko anaishi kaka yake mkubwa, Ndung'u, anayelima ngano na viazi. Ndung'u ndiye aliyeongoza kile kikao cha ukoo. Tulimkuta ukingoni mwa shamba amevaa makoti mawili, moja juu ya jingine, kwa sababu upepo wa Timau hauna huruma.

"Nasikia unaenda pwani," Ndung'u alisema.

"Naenda kusongeza boti."

"Boti inasongezwa kama ng'ombe?"

"Ikikaa mahali moja inaota majani chini."

"Na hii yako inasongezwa mpaka wapi?"

Gathogo akaitazama ngano. "Lamu, hivi."

Ndung'u alivunja suke, akalisugua viganjani, akapuliza makapi. Nilimwona mume wangu, mtu wa miaka sitini na tatu, amesimama mbele ya kaka yake kama mwanafunzi anayengoja kuambiwa akae.

"Siku ile nilikuwa," Ndung'u alisema mwishowe. "Nilikusikia ukisema barabara. Bahari sikusikia ukitaja." Akatia ngano mdomoni, akatafuna. "Na ukimwona huyo msichana, mwambie niko na viazi yake hapa. Ati huko wanakula mchele kila siku."

Tuliondoka na gunia zima la viazi. Gathogo alilibeba mwenyewe mpaka kwenye gari.

Wamagana hadi Kilifi

Jirani yetu mmoja wa Wamagana hupeleka karoti na kabichi soko la Kongowea, huko pwani, na alikubali tupande kanta yake, lori dogo la mizigo. Dereva alikuwa kijana wa Karatina mwenye maswali mengi.

"Mzee, hiyo boti yenu iko na breki?"

"Haina."

"Na kwa mteremko mnafanya aje?"

"Hakuna mteremko baharini."

Akafikiria mpaka tukapita Sagana. "Ai. Bahari yote hiyo haina hata mteremko moja?"

Kulikuwa kunapambazuka. Nikageuka kutazama nyuma, na mlima ulikuwa wazi, ncha zote mbili, na theluji kidogo iliyobaki upande mmoja. Ukizaliwa huku, unaangalia mlima kama wengine wanavyoangalia saa. Nilijua kwamba siku nyingi zijazo nitaamka, nitageuka upande huo, na hakutakuwa na kitu. Nilimgusa Gathogo begani atazame naye. Alikuwa tayari anatazama kwenye kioo cha pembeni, na sidhani alikuwa anautazama mlima. Alikuwa na uso ule aliokuwa nao siku tuliyompeleka Nyambura chuo cha uuguzi, gari lilipokwisha kutoka getini.

Pancha ilitushika karibu na Voi. Tulikula maharage na chapati saa tatu nzima tukingoja gurudumu, na dereva akatumia muda huo kumweleza kila mtu hotelini kwamba sisi wawili tunaenda Lamu na chombo kisicho na breki.

Kilifi hadi Ngomeni

Jibu la swali lenu ni hili: ndiyo, niliogopa, saa mbili za kwanza. Kisha nikatapika, na mtu anayetapika hana nafasi ya kuogopa. Kusi ya Septemba haina ukali wa Julai, lakini nje ya miamba mawimbi huja kwa nyuma na kuinua boti kama mtu anayeinua gunia, kisha inateleza. Tulilala Malindi usiku wa kwanza, supu tu tumboni.

Siku ya pili nikitafuta kitambaa chini ya kitanda nikakuta mfuko wa nailoni umefungwa vizuri. Ndani mlikuwa na suti ya Gathogo ya kanisani, na tai, na viatu vilivyong'arishwa. Niliurudisha nilipoukuta. Mtu anayepita tu habebi suti.

Ngomeni tuliingia kwa sababu injini ilinyonya majani ya bahari ikapata moto. Ilikuwa kazi ya saa chache. Tulikaa siku mbili, na kosa ni langu.

Nilishuka kutafuta maji ya kunywa, nikakutana na mama mmoja, Mama Zuhura, akanionyesha kisima na kunisaidia kubeba ndoo. Nikampa viazi ndani ya kiondo changu. Kwetu kiondo hakirudishwi kikiwa kitupu, kila mtu anajua. Nilichokuwa sijui ni kwamba na kwao sahani hairudi tupu. Kiondo kilirudi na samaki waliokaushwa na, juu yake, sahani ya mahamri. Sahani ningeirudishaje tupu? Nikatia karoti, maana dereva wa kanta alikuwa ametuachia karoti na kabichi. Karoti zangu zilikuwa ndani ya bakuli, kwa hiyo bakuli likarudi na mchuzi wa nazi, pamoja na birika la chai kwa ajili ya mzee. Birika nikalirudisha na kabichi kubwa nzima imekaa juu ya mfuniko. Kila mmoja wetu aliona mwenzake hachoki, wala hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha.

Jioni ya siku ya pili Gathogo alikuja ufukweni. "Mama, hii vyombo zenu zitatufikisha Krismasi."

Mama Zuhura alicheka. "Hebu baba, mwaenda kwa nani hasa?"

"Tunapita tu."

"Mtu mwenye gunia la viazi hapiti tu. Huyo anakwenda kwa mtu." Akanigeukia. "Ni mtoto?"

Nikasema ni mtoto, wa kike, na kwamba zimebaki siku saba aondoke nchini. Mama Zuhura hakucheka tena. Aliisukuma sahani ya mwisho mikononi mwangu, ikiwa na tende. "Hii usiirudishe," alisema. "Ng'oeni nanga."

Kipini

Saa nyingi kabla ya kuiona Kipini, bahari ilibadilika rangi. Ilikuwa buluu, ikawa kijani, kisha kukatokea mstari kama umechorwa, na upande wa pili maji yalikuwa mekundu kama chai ya maziwa iliyochemka sana. Ni mto Tana unapoingia baharini. Tulingoja maji yajae, tukavuka mlango wa mto nyuma ya mashua ya watu wanaoujua, tukatia nanga mahali ambapo viboko walikuwa wakikoroma ng'ambo.

Gathogo alichota ndoo moja ya yale maji, akaiweka katikati ya boti.

"Unaona hii?"

"Ni matope."

"Hii ni mto Chania. Na Gura, na Sagana. Hii udongo imetoka kwetu." Akatia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko. "Imeteremka kutoka Tetu yote ile mpaka hapa."

Nilitia mkono wangu pia. Nilifikiria mto ulio chini ya shamba letu la Wamagana, ambako Nyambura aliteleza akiwa darasa la pili akaenda na maji, na baba yake, aliyekuwa likizoni, akaruka na viatu. Asubuhi udongo ulikuwa umetulia chini ya ndoo, rangi ile ile inayobaki kwenye soksi zetu wakati wa mvua. Nilitamani nyumbani, na nilitamani kumwona mtoto zaidi ya nyumbani.

Hapo ndipo siku tatu zilipokwenda. Siku ya kwanza alisema kamba ya tanga imechoka, akaishona. Siku ya pili alifungua injini yote, akaisafisha, akaifunga. Siku ya tatu alisema upepo ni mkali. Nilikaa nikahesabu mashua saba zikitoka kwa upepo huo huo, moja ikiwa na bibi kizee aliyeshika mwavuli.

Nilingoja mpaka amekula.

"Baba Nyambura, kamba zimeisha."

Aliendelea kufuta sahani yake.

"Na injini ukiifungua tena itakuuliza unatafuta nini."

Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Nikifika nitasema nini? Yule mzee alinipigia kwa heshima. Nilimjibu kama mtu anafukuza mbwa."

"Mwambie hivyo hivyo."

"Na huyo mwingine? Miaka nne, mama. Mtu anaanzia wapi miaka nne?"

"Sijui," nikasema, na ni kweli sikujua. "Lakini zimebaki siku mbili. Tukilala hapa tena kesho, tutaona ndege ikipita juu."

Alikaa akiangalia ndoo yake. Kisha akaiinua, akamwaga yale maji mtoni, akaisuuza. "Maji yanajaa saa kumi na moja asubuhi," alisema. "Lala mapema."

Lamu

Tuliingia mlango wa Lamu saa tisa alasiri, upepo ukiwa nyuma yetu. Gathogo alitia nanga mbele ya mji, akakunja matanga, akakunja kamba zote vizuri. Kisha akakaa.

"Boti imefika," alisema. "Mimi nabaki nayo. Wewe nenda umwone."

Nilimpigia Nyambura. Nilimwambia tuko mbele ya mji, boti nyeupe yenye mstari wa kijani. Upande wake nilisikia masanduku yakiburutwa.

"Baba yuko?"

"Yuko. Lakini hashuki, mama. Unamjua."

Yaliyotokea nyumbani kwao nilisimuliwa baadaye. Nyambura alikaa juu ya sanduku akaanza kulia. Mzee Aboud, yule mjomba aliyewahi kutupigia simu, alikuwa amekuja kuwaaga, akauliza kuna nini. Akaelezwa. Akauliza, "Huyo baba hulala ndani ya boti?" Hulala. "Na jikoni mwake mnapikwa?" Mnapikwa. "Basi ile ni nyumba yake," alisema. "Tumfuate kwake. Athmani, vaa kanzu."

Sisi hatukujua. Mimi nilikuwa naponda mukimo kwa viazi vya Timau, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Gathogo aliingia ndani, akatoka amevaa suti. Kwa joto lile.

Mashua ya kukodi ikaja ikasimama kando yetu. Ndani mlikuwa na mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe, Athmani, na mtoto wangu akiwa na buibui, uso wake ule ule.

"Hodi," mzee akasema, akisimama.

Gathogo alisimama pia, mkono mmoja kwenye mlingoti. Alifunga kifungo cha koti.

"Ni nani?" aliuliza.

"Ni Aboud, wa Lamu. Tunamtafuta baba yake Nyambura. Tulipiga simu Nyeri tukaambiwa hakuna mtu nyumbani."

"Siku hiyo nilikuwa," Gathogo akasema. "Nilikudanganya, mzee. Niliongea vibaya."

"Najua ulikuwepo. Nilimsikia jogoo wako."

"Basi karibuni. Hapa ni nyumbani."

Wakapanda. Wageni wa bara huingia mmoja mmoja, lakini hawa watatu waliingia kwa pamoja, wote upande mmoja, na sufuria za biriani juu, nami nikasogea upande huo huo kuwapokea. Boti ikalala. Sufuria ya mukimo ikaanza kuteleza. Naye Gathogo, ambaye siku zote hizi alikuwa akitafuta aanze na neno gani, akawa nahodha.

"Mzee, kaa hapo hapo, shika kamba. Athmani, nenda kulia. Kulia, mkwe, kulia. Nyambura, wacha hiyo sufuria, njoo hapa kwa baba."

Boti ikanyooka. Kila mtu alikuwa mahali alipoambiwa, na hakuna aliyesogea. Nyambura alikuwa amekaa kando ya baba yake, bega kwa bega, kwenye benchi lisilotosha watu wawili. Niliona amelishika koti lake la suti kwa ncha za vidole, kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Baba, umevaa suti kwa jua," alisema.

"Kuna wageni," Gathogo akajibu.

Tulikula mpaka jua likashuka, biriani na mukimo katika sahani moja. Mzee Aboud aliuliza ule ukijani ni kitu gani, nikamwambia ni majani ya malenge, akaongeza. Viazi alivisifu sana. Gathogo alimweleza habari za Timau, na Ndung'u, na makoti mawili. Mahari haikutajwa. Ilitosha kwamba wamekuja wakabisha hodi.

Uwanja wa ndege uko ng'ambo, Manda, na watu huvuka kwa mashua. Kesho yake Gathogo aliwakataza wasikodi. Aliwavusha mwenyewe kwa Tetu, masanduku manne yakiwa yamepangwa kwa uzito, Nyambura akiwa ameshika usukani na baba yake akimwelekeza kwa kidevu. Kwenye gati alishuka, akambebea sanduku mpaka mlangoni. Walisimama hapo. Sikusogea karibu, kwa hiyo sijui waliambiana nini. Haikuwa ndefu.

Ndege ilipopita juu yetu tulikuwa tumerudi katikati ya mkondo. Gathogo alizima injini, tukachukuliwa na maji mpaka sauti ikaisha kabisa.

Nyumbani

Tetu haikuweza kurudi nasi. Kusi ilikuwa bado inavuma, na kwenda kusini dhidi yake ni kujisumbua. Mzee Aboud alisema ataitunza. Tukavuka hadi bara, tukapanda basi. Nilimkumbusha Gathogo kwamba barabara ya kutoka Lamu hakuitaja kwenye kikao, akasema ni kweli, hakuitaja, akalala mpaka Malindi.

Sasa Mzee Aboud hupiga simu kila Ijumaa kutoa habari za boti. Boti huchukua dakika tano. Zilizobaki, nusu saa nzima, ni za samaki, magoti, na bei ya sukari, na watoto wa siku hizi. Nyambura hupiga Jumapili. Gathogo huchukua simu, huuliza kama kuna joto, humsikiliza akisema kuna joto, hunirudishia simu, lakini hasogei mbali. Nyumba ya Lamu imefungwa. Watakuja likizo ya kwanza mwezi wa pili, siku kumi, na watashukia hapo.

Juzi nilimwambia Gathogo kwamba kaskazi itaanza karibuni, na Desemba tunaweza kwenda kuirudisha boti Kilifi.

"Kaskazi ya Desemba ni kali kwa boti ndogo," alisema, bila kuinua macho kwenye gazeti. "Nzuri ni ile ya Februari."

Kila Desemba, kwa miaka sita, tumeendesha boti hiyo hiyo kwa upepo huo huo. Nilimwongezea chai, nikasema Februari ni sawa.